Kasuku si kuku: kukata mabawa, unyoya upi, kiasi gani, na lini uache mkasi mezani

#1 Mfuga_Kijivu
Wakuu, salaam. Swali la "nimkate kasuku bawa lipi?" haliishi humu, na jibu la harakaharaka huwa lile la kuku: shika mkasi, kata bawa moja, kwisha habari. Tulimalize hapa.

Kuku hukatwa bawa moja makusudi. Akijaribu kuvuka uzio anakosa mizani, anapinda upande, anarudi chini. Miguu yake ni ya kutembea, uzio wenyewe ni mita moja na nusu, haumii. Kasuku anaanzia juu ya mlango au kabati, na miguu yake ni ya kushika tawi. Akikatwa bawa moja anazunguka kama pia mpaka kidari kinapiga sakafu. Kasuku wa kijivu ana gramu 400 hadi 500 na mkia mfupi usiomsaidia kufunga breki, kwa hiyo sakafu ya vigae inaweza kumpasua ngozi ya kidari hadi mfupa uonekane. Kidonda cha hapo hakiponi kirahisi, kwa sababu kila akianguka anaangukia palepale.

Kwa hiyo ni mabawa yote mawili sawasawa, au usikate kabisa. Na kwa kijivu mimi niko upande wa kutokata, nitaeleza mbele.

Sasa mfungue bawa taratibu ulitazame. Kuanzia kwenye kifundo mpaka ncha kuna manyoya marefu 10. Hayo ndiyo yanayomsukuma mbele, kama makasia. Yanayofuata kwa ndani, kuelekea mwilini, ndiyo yanayomshikilia hewani. Mkasi haufiki huko hata siku moja, maana ukiyakata hayo ndege hana hata cha kumtuliza wakati wa kushuka. Juu ya mashina ya yale 10 kuna safu ya manyoya mafupi yanayofunika. Ikumbukeni hiyo safu, ndiyo mpaka wa kukata.

#2 Kuku_wa_Kibaha
Mkuu umeligusa jina langu lakini haya, una haki. Hayo 10 yanakatwa yote? Na yanakatwa katikati au huku kwenye shina?

#3 Dokta_wa_Mabanda
Yote 10 hapana. Idadi inafuata uzito wa ndege ukilinganisha na ukubwa wa bawa lake. Kokateli, yule kasuku mdogo mwenye kishungi, ana gramu 80 hadi 100, bawa refu na mkia mrefu. Mkate manne kila upande na bado anaweza kupanda mpaka kwenye bomba la pazia, ndiyo maana kwake watu hufika sita au saba. Kijivu ni mzito. Kama umeamua kukata, anza na matatu ya nje kabisa kila upande, kisha mjaribu. Ukilazimika, ongeza moja kulia na moja kushoto, mjaribu tena. Ukifika matano na bado hujaridhika, acha. Hapo kinachohitaji kurekebishwa ni chumba.

Kumjaribu: tandika godoro, mweke mkononi usawa wa goti lako, shusha mkono kidogo aondoke mwenyewe. Usimrushe. Unataka kumwona anateleza kwenda mbele, anatua mita mbili tatu kutoka hapo, kasimama. Akidondoka wima kama embe, umezidisha na hakuna gundi ya kurudisha (ipo, lakini ni kazi ya fundi). Akipanda juu kuliko alikotoka, bado yapo ya kuongeza.

Pa kukata: inua ile safu ya manyoya mafupi kwa kidole, kata unyoya mmoja mmoja, kisiki kibaki kimefichika chini ya safu. Usipitishe mkasi kwa mpigo mmoja kama unakata kitambaa. Kisiki kikibaki nje kinamchoma ubavuni kila akikunja bawa. Kijivu havumilii kitu kama hicho. Atakitafuna kisiki, ataingia kwenye manyoya ya jirani, halafu kifuani, na tabia ya kujinyonyoa ikishaingia hubaki hata visiki vikishadondoka.

#4 Bi_Mkubwa_Mtoni
Wanangu, huku wauzaji wanayaacha yale mawili ya mwisho kwenye ncha, wanakata yanayofuata. Bawa likikunjwa linaonekana zima. Kuna ubaya?

#5 Mfuga_Kijivu
Shikamoo Bi Mkubwa. Uzuri wake ni kwa macho ya mnunuzi tu. Manyoya ya bawa yanalindana, kila moja limeegemea jirani yake. Mawili yakibaki peke yake kwenye ncha yananasa kwenye nyaya za tundu na kuvunjika, mara nyingine pamoja na shina. Na kwa ndege wepesi, kokateli na hawa kasuku wadogo wa Fischer wenye vichwa vya rangi ya chungwa, hayohayo mawili yanaweza kutosha kuwapandisha. Mnunuzi anaambiwa "huyu hawezi kuruka", anamtoa barazani, kwaheri.

#6 Dokta_wa_Mabanda
Nirudi nyuma kidogo, maana watu wanauliza mkasi kabla hawajajua kushika.

Muwe wawili. Mmoja ashike, mmoja akate. Taulo jepesi, chumba kimefungwa, feni imezimwa. Anayeshika aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za taya, mwili ukae ndani ya taulo, kifua kiwe huru. Narudia hapo kwenye kifua. Ndege hana kiwambo (msuli wa chini ya mapafu) kama chetu, anapumua kwa kutanua kifua chenyewe. Ukimbana kifuani ili atulie, atatulia kweli, moja kwa moja. Dakika tano zikipita, au akianza kuhema mdomo wazi, mwachie hata kama umekata unyoya mmoja tu wa upande mmoja. Mtamaliza baadaye.

Bawa lisishikwe kwa ncha za manyoya. Lishike karibu na mwili, kwenye mfupa wa juu, kwa sababu akipiga kwa nguvu wakati umemshika ncha, mfupa unavunjika mkononi mwako.

Kisha mulika. Geuza bawa utazame mashina kwa chini kwenye mwanga wa dirisha. Shina lililokomaa ni jeupe au la kijivu, gumu, kavu kama kucha. Shina changa ni nene zaidi, lina rangi ya zambarau au buluu iliyokolea karibu na ngozi, na mara nyingi bado limevaa ganda jeupe. Hilo lina damu ndani, halikatwi. Tena uliache pamoja na unyoya mmoja uliokomaa ubavuni mwake wa kulikinga. Ukikuta mashina machanga matatu au manne, funga kikao, rudi baada ya wiki kadhaa.

#7 Mlangoni_Kisauni
Na likikatwa kwa bahati mbaya? Huku kuna wanaoweka majivu, wengine kahawa.

#8 Dokta_wa_Mabanda
Ndugu, majivu hapana, yanaunguza. Chukua unga wa mahindi mlaini au wanga, bonyeza kwenye ncha ya shina linalovuja kwa dakika mbili mpaka tano bila kuinua kuchungulia. Ukiinua kila sekunde kumi unaondoa kile kilichoanza kuganda. Kisha mweke mahali penye giza, pametulia, umtazame saa nzima, kwa sababu akipiga mabawa kidogo tu panafunguka upya.

Damu isipokoma, kisiki hicho kinang'olewa. Mpeleke kwa daktari. Kama yuko mbali na damu inaendelea, mmoja ashike mfupa wa bawa usitikisike, mwingine abane shina kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, avute mara moja, kwa unyoofu, kufuata mwelekeo wa unyoya. Kishimo kinachobaki bonyeza kwa pamba au bandeji safi. Unga usiingie kwenye kishimo, ndimo unyoya mpya unamotokea. Na kung'oa kusifanywe mazoea, kishimo kikiharibika kinatoa unyoya uliopinda au hakitoi kitu tena.

Kwa nini haraka hivyo: damu ya ndege ni kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Huyo wa Fischer wa gramu 50, damu yake yote inaingia kwenye kijiko cha chai. Matone ambayo kwako ni doa kwenye taulo, kwake ni hesabu nyingine.

#9 Mtoto_wa_Tabora
Nikikata leo yanaota tena lini? Jirani anasema mwezi.

#10 Mfuga_Kijivu
Kaka, unyoya uliokatwa hauoti. Umeshakufa, kama ncha ya ukucha. Kisiki kinakaa mpaka wakati wa kubadili manyoya, kinadondoka, ndipo mpya unachomoza. Kasuku hubadili mfululizo, moja hapa moja pale, kuanzia manyoya ya katikati ya lile kundi la 10 kwenda pande zote mbili. Kwa kijivu hesabu miezi, si wiki, na bawa zima linaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Jirani yako anafikiria njiwa. Wafuga njiwa wengi huyang'oa, hawakati, ili aote upesi akiwa ameshazoea banda jipya. Unyoya uliong'olewa ndio unaoanza kuota mara moja.

Hapo pia ndipo ubaya wa kukata mengi unapojitokeza. Unyoya mpya unachomoza peke yake, mchanga, umejaa damu, majirani wote ni visiki. Hauna wa kuukinga. Ndege akiteleza usiku ndani ya tundu unavunjika, unavuja, unang'olewa, unaota tena, unavunjika tena. Kuna kijivu wanaozunguka humo miaka.

#11 Mlangoni_Kisauni
Wakuu nawasoma, lakini bado nasema kata. Nyumba zetu mnazijua. Feni ya dari, mlango wazi kutwa, watoto wanaingia wanatoka. Bora asiruke kuliko kumwokota chini ya feni.

#12 Mfuga_Kijivu
Hoja ya feni naikubali asilimia mia. Feni na kasuku mwenye mabawa mazima haviko chumba kimoja kwa wakati mmoja. Zima, bandika selotepu kwenye swichi ili mgeni asiwashe, ndipo ufungue tundu.

Ila mlango ni hadithi tofauti. Aliyekatwa bado anaruka, ila hafiki anakotaka. Ndani ya nyumba hakuna upepo, anateleza tu chini, nawe unajenga imani. Mtoe barazani wakati wa kusi, ashtuke kwa honi ya bodaboda, upepo unamwinua juu ya ukuta mpaka kiwanja cha tatu. Mzima angeweza kugeuka arudi. Huyu atatua pale upepo utakapomwachia, chini, na pwani yetu chini kuna paka na juu kuna wale kunguru wa India wenye shingo ya kijivu. Kunguru hawaji mmoja.

Kumkata hakukuondolei kufunga mlango. Ukishazoea kufunga mlango, sababu ya kukata inapungua sana. Dirisha la nyavu za mbu zisizotoboka, pazia jepesi kwenye kioo, mlango wa pili au hata pazia zito la kuingilia. Sufuria ya maji ya moto na ndoo zifunikwe. Na mawili haya yanawaua wote, waliokatwa na wasiokatwa: moshi wa jiko la mkaa ndani, na kikaango kisichogandisha kikiachwa motoni kitupu. Hewa yake mwanadamu hata haisikii, kasuku anaanguka ndani ya dakika.

#13 Dokta_wa_Mabanda
Naongeza la makinda. Kinda la kijivu hutoka kiotani wiki ya 11 au 12 hivi. Liache liruke wiki kadhaa, lijue kugeuka, kupunguza mwendo na kutua, kabla hujafikiria mkasi. Linalokatwa kabla ya mruko wa kwanza hukua na woga, linaanguka ovyo, linang'ata. Mwenye nalo anadhani ana ndege mkorofi.

#14 Bi_Mkubwa_Mtoni
Sasa huyo asiyekatwa anaitwaje akaja? Maana wangu akipanda juu ya kabati ni ngazi na ufagio.

#15 Mfuga_Kijivu
Ufagio uuache kabisa Bi Mkubwa, utamfundisha kwamba mkono ukiinuka ni wa kukimbiwa.

Nunua mizani ya jikoni ya gramu. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Haimaanishi umkondeshe, ni ili ujue uzito wake wa kawaida, na ukiona umeshuka usimfundishe, umpeleke kwa daktari. Kisha chagua kitu kimoja anachokipenda kuliko vyote, mbegu ya alizeti au kipande cha korosho, kiondoe kwenye chakula cha kila siku. Kuanzia leo kinapatikana mkononi mwako tu. Kikatwe kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, la sivyo atashiba baada ya mara tatu.

Fundisha kabla ya mlo wa asubuhi na wa jioni, dakika tano, kumi ikizidi. Mweke kwenye mgongo wa kiti. Mkono wako uguse kiti, sema "njoo", apige hatua moja, apewe. Mara tano hivyo bila kusitasita, sogeza mkono nafasi ya kiganja. Sasa anapaswa kupiga hatua ndefu au kuchupa. Hapa wengi huharibu. Wanaona amechupa mara moja, wanarudi nyuma mita mbili. Nenda kiganja kwa kiganja. Akigoma mara mbili, rudi umbali wa mwisho alioufanya vizuri, mpe, funga kikao akiwa bado anataka.

Akifika mita moja anaruka kweli. Kutoka hapo mpaka mita nne za korido ni siku chache. Kazi kubwa inabaki kushuka. Kasuku wa ndani anajua kupanda na kunyooka, hajui kushuka kwa pembe kali, ndiyo maana akitoroka anaonekana juu ya mwembe "anakataa" kuja. Hakatai, hajui njia. Kwa hiyo mwanzie juu ya mlango kuja kwenye mkono ulio usawa wa kiuno, halafu ngazi za ghorofa kama zipo, kipandio kimoja kimoja.

Kioo cha dirisha: mbebe mkononi mpaka kioo, mdomo wake ukiguse. Fanya kwa kila dirisha na kila kioo cha kujitazamia.

#16 Mtoto_wa_Tabora
Na aliyekatwa miaka mitano mfululizo? Manyoya yakirudi anaruka mwenyewe?

#17 Dokta_wa_Mabanda
Manyoya yatarudi, misuli haitakuwepo. Mpapase kidari. Mwenye mazoezi, nyama imejaa pande zote mbili za mfupa, unahisi ukingo tu katikati. Asiyeruka, mfupa umetokeza kama mgongo wa kisu, au amenenepa mafuta na huupati kabisa. Wote wawili wanaanza polepole: akiwa ameshika kidole chako, shusha mkono kidogo apige mabawa mara kumi, pumzika. Mkia ukianza kupanda na kushuka kila akivuta pumzi, au mdomo ukibaki wazi, siku imeisha. Wiki ya pili au ya tatu ndipo uanze ile ya kiti.

#18 Mzee_wa_Muscat
Salaam kutoka huku. Dokta aligusia gundi akapita. Huku Ghuba kupachika manyoya ni kazi ya kila siku kwa wenye vipanga vya kuwindia, na hospitali ya vipanga ya Abu Dhabi hufanya hivyo. Kwa kasuku inawezekana vilevile. Unahitaji unyoya uliodondoka wa ndege wa aina ileile, bawa lilelile, namba ileile ya unyoya. Wa tatu kulia hauingii wa tano kushoto. Kisiki kinabaki na tundu la mrija. Kijiti chembamba cha mwanzi, sentimita mbili tatu, nusu yake kinaingia kwenye unyoya wa kuazima, nusu kwenye kisiki, gundi inayokauka upesi, na karatasi ngumu chini yake ili gundi isishikanishe manyoya ya jirani. Unageuza mpaka ubapa wake ulale sawa na wenzake ndipo kikauke. Ukikosea nyuzi chache bawa linakata hewa upande. Ndege analazwa kwa dawa, kwa hiyo ni chumba cha daktari. Unakaa mpaka kisiki kitakapodondoka kwa zamu yake. Faida yake ni kwamba manyoya machanga yanapata jirani wa kuegemea.

#19 Kivu_Kusini
Jambo kwenu. Msiwasahau wanaotoka porini. Kijivu wengi wanaopita mipakani wamenaswa kwa urimbo, kisha wakakatwa bawa kwa kisu, ovyo, mpaka manyoya ya ndani. Kituo cha kuokoa wanyama cha Lwiro hapa kwetu kinapokea kasuku waliokamatwa kwa wafanyabiashara, na ndege wa namna hiyo haachiwi mpaka bawa lirudi na misuli irudi. Tangu mkutano wa Johannesburg mwaka 2016 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya pori, kijivu yuko Kiambatisho cha I, biashara ya kimataifa ya waliotoka porini ni marufuku. Ukiona kijivu sokoni, bei chee, bawa moja limekatwa kama kwa panga na kifua kina gundi, unajua katoka wapi.

#20 Mlangoni_Kisauni
Na Kenya kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, ni kosa hata kama umerithi kwa babu. Haya, mmenishinda kwenye feni. La mwisho: ameshatoroka, yuko juu ya mwembe, nifanye nini?

#21 Mfuga_Kijivu
Usimpandie, atahamia mti wa mbali zaidi. Mtu mmoja asimame anapoonekana asimwondolee macho, mwingine alete tundu lake lililo wazi, liwekwe juu ya kitu kirefu, paa la gari au ukuta, na bakuli analolijua ndani. Likiwekwa chini kabisa hashuki. Simama pembeni si chini yake, ili njia ya kuja kwako iwe ya mteremko mdogo. Mwite kwa maneno yaleyale ya kila siku, nyamaza umsikilize, mwite tena. Mchana wa jua kali atakaa kimya kwenye majani. Atakuja saa moja kabla ya magharibi, au alfajiri ya kesho akiwa na njaa. Giza likimkuta juu, kariri tawi, na saa kumi na moja na nusu asubuhi uwe chini yake na korosho mkononi, kabla kunguru hawajaamka.